Shali ya Matundu Kutoka kwa Sweta ya Gikomba

Mamangu anakaa Molo, na ukimpigia simu mwezi wa saba habari ya kwanza ni baridi, ya pili ni baridi, halafu ndio mnaongea mambo mengine. Leso nzito anazo, sweta anazo, anachotaka ni kitu chepesi cha kujitanda akienda kanisa, chenye rangi, kisichomfanya aonekane amebeba godoro. Nikamwambia nitamfumia shali ya matundu. Sijawahi kufuma hata moja. Sweta za watoto nimefuma, kofia nimefuma, hizo za matundu nilikuwa naziangalia tu kwa simu.

Shida ya kwanza ni uzi. Madukani hapa tauni uzi mwingi ni akriliki, tena mnene, wa sweta za shule. Sina ubaya na akriliki, lakini shali ya aina hii ukimaliza kuifuma inakaa kama kitambaa kilichokunjamana mpaka uiloweshe, uivute na uipigilie pini ikauke. Sufu ikikauka inabaki vile umeivuta. Akriliki ukitoa tu pini inarudi kwake. Kwa hivyo nataka sufu, tena nyembamba, na kwa mfuko wangu hiyo iko mahali pamoja, ndani ya sweta ya mitumba. Najua, Molo imejaa kondoo na mimi naenda Gikomba, soko la mitumba hapa Nairobi, kutafuta sufu iliyotoka Ulaya. Nimeshaambiwa.

Naandika hapa kila hatua ikiisha, na bei, ili mwenye atataka kujaribu asirudie ujinga wangu. Maneno yangu: kitanzi ni kile kimoja kimoja kilichokaa kwa sindano, tundu ni lile unalopata ukizungusha uzi kwa sindano bila kuingia kwa kitanzi chochote. Fuma ya kawaida na fuma ya kinyume ndizo wengine wanaita pleni na palu.

Jumamosi 1 Machi 2025: sweta ya kwanza, sh 200, hasara tupu

Nilifika Gikomba mapema wakati mitumba inafunguliwa. Nikaona sweta moja ya rangi ya samawati, laini, nyembamba, jamaa ananiambia "siste hiyo ni kamera, imetoka saa hii," yaani ni daraja la kwanza, nikalipa soo mbili bila hata kuigeuza ndani nje.

Hapo ndipo nilipokosea. Nyumbani nimeigeuza nikakuta mishono yote ya pembeni imepigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia kingo zilizokatwa. Maana yake kiwandani walifuma kitambaa kirefu, wakakikata kwa makasi kama kitenge, wakashona. Kila mstari umekatwa mwanzo na mwisho. Nilijipa moyo nikaanza kufumua, nikapata kipande cha uzi cha urefu wa mkono, halafu kingine, halafu kingine, baada ya dakika kumi nina fundo la vipande kama nywele za saluni zilizofagiwa.

Nikachoma kidogo ili angalau nijue ilikuwa nini. Ikayeyuka, ikadondoka, ikabaki shanga nyeusi ngumu. Akriliki. Kwa hivyo hata ingefumuka isingenisaidia. Sasa ni ya kupangusa meza.

Jumamosi 8 Machi: sweta ya pili, sh 350

Safari hii nilikuwa nageuza kila sweta kabla ya kuangalia rangi, yule jamaa akaniuliza kama natafuta pesa zilizofichwa. Unachotafuta ni hiki: ndani kwa mshono wa pembeni, kingo mbili za kitambaa ziwe zimefumwa mpaka mwisho, nzima, na zimeshikanishwa kwa uzi wa mnyororo unaofanana na vivi vidogo vilivyopangana, v v v v. Ukiona nyuzi nyingi zinazozunguka kingo kama za tisheti, hiyo ni ovaloki, rudisha.

Nimepata moja ya mwanaume, saizi kubwa, rangi ya maziwa, kiwiko kimoja kimetoboka. Nzuri sana hiyo ya kutoboka, ndiyo ilishusha bei kutoka mia tano. Lebo imeandikwa sufu tupu, lakini lebo sizisikizi tena. Niliomba kiberiti pale pale, nikavuta kauzi kadogo kwenye kale katundu ka kiwiko, nikachoma. Moto ulijizima wenyewe, ukaacha jivu linalopondeka kwa vidole, na harufu ya nywele zilizoungua. Jamaa akacheka akasema mimi ni mganga. Nauli kwenda na kurudi, safari zote mbili, sh 200.

Jumapili 16 Machi: kufumua

Kazi ya jioni nne. Kukata mshono wa mnyororo ni rahisi ukijua upande. Unakata kitanzi kimoja karibu na mwisho, unavuta, na ukivuta upande ule mwingine haitoki kabisa kwa hivyo usilazimishe, hama tu upande wa pili. Ikikubali inatoka yote kama zipu na ni raha, nakwambia.

Kosa langu lilikuwa kuanzia chini. Nilifikiri pindo la chini ndio mwanzo, kwa hivyo nianze hapo. Ndiyo, ni mwanzo, na ndio sababu haifumuki! Sweta inafumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hivyo kufumua unaanzia shingoni na mabegani, pale mfumaji alipomalizia. Nilipoteza jioni nzima nikipigana na pindo na nikakata uzi mara saba hivi. Nilipogeuza nikaanzia begani, mgongo wote uliisha nikitazama taarifa ya habari.

Uzi nilizungusha kwa mgongo wa kiti. Mzunguko mmoja kwa kiti changu ni mita 1.2, na jirani anayeoka keki akaniazima mizani yake. Mizunguko 100, yaani mita 120, ni gramu 17. Hiyo inakuja kama mita 700 kwa gramu 100, wembamba kabisa wa shali. Sweta nzima ilikuwa gramu 310, uzi mzuri uliotoka ni gramu 235. Kilichobaki ni mishono, kile kiwiko, na pindo nililoua.

Jumamosi 22 Machi: kuosha

Uzi uliofumuliwa umejikunja kama tambi za pakiti. Unaufunga kwa mafungu, unauloweka nusu saa kwa maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo, unaukamua bila kusokota, unautundika ukiwa umening'iniza chupa ya maji ya nusu lita kwa chini. Ukikauka umenyooka.

Fungu la kwanza nililifunga sehemu moja tu. Usifanye hivyo. Lilipotoka majini lilikuwa kiota cha ndege na nilikaa nalo jioni mbili nikitafuta ncha. Yaliyofuata nilifunga sehemu nne, kwa kupitisha kauzi juu chini juu katikati ya fungu, yakatoka vile yaliingia.

Jumapili 30 Machi: rangi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilijifunza zaidi.

Sufu ni kama nywele, inashika rangi ya chakula ukiweka siki na moto. Akriliki na pamba hazishiki, zinaloa tu na kuchujuka. Nilinunua chupa tatu ndogo, nyekundu, bluu na kijani, sh 80 kila moja, na siki ya sh 110. Mpango ulikuwa mafungu manne ya gramu 40: moja libaki rangi yake ya maziwa, moja kijani, moja zambarau, moja dhahabu ya maganda ya vitunguu.

Maganda nilipewa bure na mama mboga wa hapa chini, yale makavu ya vitunguu vyekundu yanayobaki kwa gunia. Alidhani nafuga sungura. Gramu 80 hivi, mara mbili ya uzito wa uzi, nikachemsha saa moja nikachuja. Uzi nao niliuchemsha pole pole kwanza na shabu gramu 5, ile shabu ya kawaida ya kipande cheupe, sh 50 na imebaki nyingi. Shabu ndiyo inashikisha rangi. Uzi ulitoka na dhahabu inayoelekea kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa kwa mwanga, na nimeuosha mara mbili maji yametoka safi. Hii ndiyo rangi ninayoipenda kuliko zote na ndiyo haikunigharimu ila hiyo shabu.

Nilijaribu pia fundo dogo la gramu 10 kwa biti. Rangi ilikuwa ya kupendeza kwa sufuria, kwa maji ya kwanza ikapungua, kwa maji ya pili ikaenda. Biti achia kachumbari. Na hilo hilo fundo ndilo nililolitoa kwa maji moto nikaliweka moja kwa moja chini ya mfereji wa maji baridi huku nikilisugua, likaganda likawa kamba moja. Nimelihifadhi niwe nalionyesha watu. Sufu haitaki kushtuliwa, wacha ipoe ndani ya sufuria yake, hata kama ni mpaka kesho.

Kijani kilikubali bila maneno. Sasa zambarau. Nilichanganya nyekundu na bluu kwa kikombe, nikapata zambarau safi kabisa, nikamwaga kwa sufuria yenye siki imeshachemka, nikatumbukiza uzi. Nyekundu ina haraka. Iliuvamia uzi pale ulipogusa maji kwanza, bluu ikabaki inazunguka majini inatafuta pa kukaa. Nilipotoa lilikuwa fungu la waridi lenye mabaka ya bluu, na hapa na pale kidogo, kwa hisani, zambarau. Nilinuna siku nzima. Jirani wa keki ndiye alinielezea kuwa ningetumbukiza uzi kwa maji yaliyo baridi bado, rangi iwe imeshaenea, halafu nipandishe moto pole pole na siki niiweke mwisho, pengine ingetulia. Pengine. Nilipolikausha nikalitazama tena nikaona si baya, linafanana na zile jioni za Nairobi mvua ikishanyesha. Limebaki hivyo hivyo.

Jumapili 6 Aprili: kipande cha majaribio, na mtindo wenyewe

Nimechagua ule mtindo wa mawimbi wa visiwa vya Shetland, kule Uskoti. Akina mama wa kule, hasa kisiwa cha Unst, walikuwa wanafuma shali nyembamba hivi kwamba shali nzima inapita ndani ya pete ya ndoa. Yangu sitarajii, lakini mtindo ni wao, na uzuri wake ni kwamba mistari ni minne tu na mmoja ndio wa kufikiri. Pia rangi zikibadilika zinapinda pamoja na wimbi, kwa hivyo hata kama hujui kupanga rangi inaonekana ulipanga.

Vitanzi ni mafungu ya 18. Mimi nimeweka mafungu 4, yaani 72, na vitanzi 3 kila ukingo, jumla 78. Vile vya ukingo vinafumwa kawaida siku zote.

Mstari wa 1: kawaida wote.
Mstari wa 2: kinyume, isipokuwa kingo.
Mstari wa 3: kwa kila fungu, fuma viwili pamoja mara 3, halafu zungusha uzi na ufume kimoja mara 6, halafu viwili pamoja tena mara 3.
Mstari wa 4: kawaida wote.

Ukihesabu, mstari wa 3 unaua vitanzi sita na kuzaa sita, kwa hivyo fungu libaki 18. Hiyo namba 18 iandike kwa mkono kama lazima.

Nilikuwa na sindano za milimita 3. Kipande cha kwanza kilitoka kigumu, matundu yamefumba, kama kitambaa cha vyombo. Kwa shali sindano inakuwa nene kuliko uzi unavyoomba, ndiyo matundu yapumue. Nikanunua ya milimita 4, ile ya mzunguko, sindano mbili zimeungwa na waya wa plastiki, sh 600. Hiyo ndiyo imenila pesa nyingi kuliko vyote. Mamangu alinifundisha kufuma na spoku za baiskeli zilizosuguliwa kwa simenti, na alipoambiwa bei alinyamaza kidogo kwa simu.

Kipande cha pili nilikilowesha na kukipigilia kwa godoro. Fungu moja lilitoka sentimita 11 na kidogo, kwa hivyo upana wa shali utakuwa kama 48. Sawa.

Kuanza vitanzi nilitumia sindano mbili zikiwa pamoja ili mwanzo usikaze. Alama kati ya mafungu ni vipete vya mrija wa soda uliokatwa na makasi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili: matatu, na kilio

Nilifika marudio 14, yaani mistari 56, kazi inatembea, nabadilisha rangi kila mistari 8, nikajiona fundi. Jumatano nikaibeba kwa mkoba niwe nafuma nikienda kazini, kwa sababu foleni ya Jogoo Road asubuhi unaweza kufuma suruali ikaisha. Mstari wa kawaida kwa matatu ni sawa. Mimi nilikuwa kwa mstari wa 3. Dereva akaona polisi ama akaona nini sijui, akapiga breki, sindano ya kulia ikachomoka yote, vitanzi kama arobaini vikabaki hewani.

Vitanzi vya kawaida vikichomoka vinakungoja. Vya mstari wa matundu havingoji, kwa sababu lile tundu si kitanzi cha kweli, ni uzi umepita tu, likikosa sindano halipo tena. Nikajaribu kuviokota pale pale huku matatu inaruka matuta, mama aliyekaa kando yangu akanishikia mkoba na kuniambia "pole pole mama," lakini kila nikiokota kimoja viwili vinashuka ngazi. Nilipofika stejini marudio matatu yalikuwa yamekwenda. Jioni nikahesabu, namba haziingiani, nikafumua mpaka mwanzo. Mistari yote 56. Sikuwa nimeweka uzi wa kuokoa na nilijua kabisa kuna kitu kama hicho.

Uzi wa kuokoa ni hivi. Ukimaliza mstari wa 4 na umehesabu ukakuta 78, chukua sindano ya kushonea na uzi wa cherehani wa rangi tofauti (sh 30), upitishe ndani ya kila kitanzi kilicho kwenye sindano, uuache hapo na uendelee kufuma. Ukiharibu, unatoa sindano, unavuta bila huruma, inasimama kwenye ule uzi. Naweka kila marudio 5. Na usipitishe ndani ya vipete vya alama! Mara ya kwanza nilivipitia vyote, vikafungwa pale, ikabidi nivikate kimoja kimoja.

Na kwa matatu sasa nabeba kofia.

Alhamisi 1 Mei: marudio 40 kati ya 100

Sikukuu, nimefuma tangu asubuhi. Mwendo wangu ni dakika sita hivi kwa mstari.

Kosa linalorudi rudi ni moja: kusahau kuzungusha uzi. Nafika mwisho wa mstari wa 4, nahesabu kati ya alama, nakuta 17. Zamani ningefumua. Dawa yake ni kuangalia mstari wa 3 ni wapi kumekosekana tundu, utaona vitanzi viwili vimekaribiana bila nafasi. Kati yao kuna kauzi kamelala kanachoviunganisha. Kainue kwa ncha ya sindano kawe kitanzi, halafu ukipandishe mstari mmoja. Tundu linakuwa dogo kidogo kuliko wenzake, ukilipigilia pini halionekani sana. Angalia tu usikainue kakiwa kamejisokota, kanafumba.

Kuunganisha rangi: kwa kuwa hii sufu inaganda (ile gramu 10 ilinifundisha), nachambua ncha mbili, nazilaza pamoja, natema mate kiganjani na kusugua kwa nguvu mpaka zishikane. Si adabu, lakini hakuna fundo na hakuna ncha ya kuficha.

Jumapili 18 Mei: marudio 72

Stima ilipotea Jumatatu jioni na mimi nikaendelea kwa tochi ya simu, maana nilikuwa nimebakisha mstari mmoja tu. Rangi ya maziwa kwa mwanga wa simu inaonekana vizuri, waridi na bluu ni giza. Kesho yake nimekuta katika rudio la 61 nimeinua kauzi mahali na nimekasokota, kwa hivyo kuna tundu moja limefumba kabisa, upande wa kushoto. Uzi wa kuokoa uko rudio la 60, ningeweza kurudi. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshafika la 64. Nikalitazama, nikatazama saa, nikaliacha. Matundu ni 24 kwa kila rudio, marudio ni 100, fanya hesabu, nani ataliona moja.

Jumapili 1 Juni: kufunga, mara mbili

Marudio 100 yameisha Ijumaa usiku. Nikafunga vitanzi kama ninavyofunga shingo ya sweta, nikalala na furaha. Asubuhi nikavuta kuangalia upana, mwanzo unafunguka mawimbi mazuri, mwisho umebana kama mfuko wa sukari uliofungwa kamba. Ungekauka hivyo shali ingekuwa na umbo la kengele.

Kufumua ufungaji wa uzi mwembamba ni kazi ya macho, saa moja na nusu. Safari ya pili nilifunga hivi: fuma viwili pamoja kwa kuingilia nyuma, kile kitanzi kimoja kilichopatikana kirudishe sindano ya kushoto, fuma tena viwili pamoja, endelea hivyo hivyo. Kinavutika kama lastiki. Shali kabla ya maji: sentimita 36 kwa 138, gramu 108. Mita 760 hivi za uzi.

Jumapili 8 Juni: pini na kutu

Niliilowesha dakika thelathini kwa maji ya uvuguvugu, nikaikunja ndani ya taulo na kuikanyaga, nikaitandaza juu ya godoro la wageni nikaanza kuvuta. Hapa kwa kweli nilifurahi. Kitu kilichokuwa kinafanana na kitambaa cha kusugulia kikafunguka mkononi, kila tundu likawa tundu, mawimbi yakajipanga, ile dhahabu ya vitunguu ikakaa katikati ya kijani na ule waridi wa ajali kama walizaliwa pamoja. Nikaivuta mpaka 48 kwa 180, pini kwa kila ncha ya wimbi.

Pini zenyewe zilikuwa za ofisi, kibokosi cha sh 60. Ni Juni, Nairobi kumejaa mawingu, jua halijatoka tangu Jumatano. Badala ya kukauka usiku mmoja ilichukua siku mbili, na nilipotoa pini nikakuta nukta za kutu tisa ukingoni. Kwa rangi ya maziwa, bila shaka, zilipoonekana zaidi.

Ndimu na chumvi (sh 20), nukta kwa nukta, nikasuuza. Sita zimetoka, tatu zimebaki kama madoadoa ya chai. Kwa vile nilishailowesha tena ikabidi niipigilie upya. Hapo nikaenda Eastleigh nikanunua pini za ushungi, zile za chuma kisichoshika kutu, sh 100, na kabla ya kuziamini nikaziacha kwa gilasi ya maji usiku kucha. Zikatoka zinang'aa. Zingekuwa za kwanza kununuliwa nisingekuwa na madoa matatu.

Ilipotoka kwa pini ilirudi kidogo ikatulia 46 kwa 174. Nikajaribu pete yangu. Iliingia kona moja ikakwama. Nikavua bangili, hiyo ikapita yote, swii, mpaka mwisho.

Pesa zote: sweta mbili 550, nauli 200, sindano 600, siki 110, rangi 240, shabu 50, uzi wa cherehani 30, pini za aina zote 160, ndimu 20. Jumla sh 1,960. Ukitoa sweta ya ovaloki, nauli yake na pini za ofisi ingekuwa 1,600. Saa za kufuma zilizobaki kwa shali ni kama 40, zilizofumuliwa sikuhesabu kwa makusudi. Uzi uliobaki ni gramu 65 ambazo hazijaguswa rangi, na kama 50 za rangi mchanganyiko.

Jumamosi 14 Juni: Molo

Nimempelekea mwenyewe. Aliitoa kwa karatasi, akaiinua kwa dirisha, akanitazama kupitia ndani yake.

"Baridi yote hii, na umeniletea kitu cha matundu."

Nikamwambia ajitande kwanza. Akajitanda, akaikunja mara mbili begani, akakaa nayo tukinywa chai, akaenda kukamua nayo, akarudi nayo. Hakusema tena habari ya baridi. Jioni aliiweka magotini akawa anaipitisha kwa vidole, ukingo kwa ukingo, bila kuangalia, anaongea mambo ya mifereji na bei ya maziwa. Akafika mahali kidole kikasimama. Upande wa kushoto.

"Hapa ulikuwa na haraka ya wapi?"

Nikamwambia stima ilipotea. Akasema spoku zake zilikuwa zinafuma na taa ya mafuta. Kisha akauliza kama zile gramu 65 nimezibeba, maana dada yake wa Elburgon ameshaona picha.

Sijazibeba. Nakusanya maganda ya vitunguu.